Tisini kwa Mia

Jumamosi, 30 Agosti 2025. Walukuba, Jinja

TANGAZO. Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mota ya waipa, mkazi wa friji, kilichotokea leo saa nne asubuhi hapa Walukuba, baada ya kuugua kwa dakika mbili. Marehemu alizaliwa Japani, akafuta mvua kwenye kioo cha gari la Corona kwa miaka isiyojulikana, kisha akaokoka na kuwa mgeuza mayai. Ameacha trei sita, mnyororo wa baiskeli, na mimi. Habari ziwafikie wote wanaohusika, hasa Norman, ambaye yuko Mbale na simu yake imezimwa.

Moshi kidogo, harufu ya plastiki, basi.

Jambo dogo! Lakini yai likiwa ndani ya mashine bila kugeuzwa, kifaranga hunata kwenye ganda na kufa. Kuku hugeuza mayai yake mchana na usiku na hajawahi kuomba mtaji. Mashine yangu ya vifaranga ni friji bovu, balbu nne, feni ya kompyuta, betri ya gari, na huyo marehemu. Kesho inakwenda Mbale. Keshokutwa mwekezaji anakuja kuiona ikianza kazi.

Norman kapatikana saa tisa. Yeye ndiye mwenye shati na Kiingereza katika kampuni yetu. Mimi ndiye mwenye bisibisi. Nimemweleza. Akasema: Eng'inia, hatuahirishi, tumeahirisha mara mbili, madam mwekezaji atatuona watoto. Nikasema mota nilizokuta kwa wauza vyuma zinakimbia mno, zitatikisa mayai yawe keki. Akasema basi tutageuza kwa mkono. Nani? Wewe. Siku ishirini na moja? Kumi na nane, akasema — si ulinifundisha mwenyewe kwamba siku tatu za mwisho hayageuzwi?

Nimemfundisha vizuri mno.

Mke wangu Namukose kachungulia, kauliza naandika nini. Hesabu ya skrubu, nimesema. Ndiyo maana naandika Kiswahili, lugha niliyokulia kwenye nyumba za askari wa gereza. Yeye akikisikia huanza kutafuta kitambulisho, kama aliyesimamishwa na polisi.

Jumapili, 31 Agosti. Wanale, Mbale

Friji limefika likiwa limelala chali kwenye pikapu kama mgonjwa wa rufaa. Tumeliweka stoo kwa Mama Nabifo, chini ya mlima. Mjane, kuku arobaini, ulimi mkali. Zamani alipeleka vitunguu Bungoma, ng'ambo ya mpaka, kila wiki, kwa hiyo Kiswahili chake kina nauli ndani yake. Kwenye fomu ya mwekezaji ameandikwa "mteja huru, asiye na uhusiano na kampuni". Ni mama mdogo wa Norman. Dada wa mama yake, tumbo moja.

Ilibidi nimwambie ukweli kabla ya kushusha mzigo, maana huwezi kulala stoo ya mtu wiki tatu bila kueleza. Kila baada ya saa nne ageuze mtu. Na mashine imeandikwa "haihitaji mtu". Alicheka mpaka akakaa kizingitini. "Yaani mashine imekuja na mtumishi wake!"

Norman kabandika stika mlangoni pa friji: maadili matano ya kampuni, yaliyotakiwa na fomu. La kwanza juu kabisa, herufi kubwa: UADILIFU. Aliiandika kwa Kiingereza. Natafsiri hapa ili ipate aibu katika lugha mbili.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia hata Namukose. Fomu ilikuwa na kisanduku: kwa kila mayai mia, vifaranga wangapi hutoka? Norman alinipigia nikiwa dukani Jinja, nimesimama mbele ya boksi la mashine ya Wachina. Boksi liliandikwa tisini. Nikasema tisini. Rekodi yangu mimi ni sitini na saba, mwezi wa tatu, hali ya hewa nzuri na bahati.

Sikudanganya kwa sauti kubwa. Nilisoma tu boksi.

Jumatatu, 1 Septemba

Amekuja. Bi Juliet, wa kampuni ya uwekezaji huko Kampala. Viatu vya kutembelea matopeni kweli, si vya kupigia picha. Hilo limenitia wasiwasi. Kiingereza na Luganda tu, Norman alinihakikishia, kwa hiyo yeye ndiye mkalimani wa kila kitu.

Mayai mia moja na ishirini ya Mama Nabifo yameingia saa kumi jioni, moja moja, ncha chini. Madoa, kahawia, meupe — mayai ya kuku wa nyumbani, kila moja na tabia yake. Juliet kauliza kwa Kiingereza kama mteja ameridhika na mashine. Norman kageuza swali kwa Lumasaba. Mama Nabifo akajibu kwa Kiswahili, makusudi, ili nami nisikie: "Mashine sijui. Mota yake ilikufa juzi. Sasa mota ni huyu hapa, analala stoo."

Nikatazama viatu vyangu. Norman, bila kumeza mate: anasema mota ina nguvu sana, madam, na inafanya kazi hata usiku.

Juliet akaandika kitu kwenye kidaftari.

Yalibaki mayai kumi na matano yasiyoenea kwenye trei. Mama Nabifo akayabeba kwenye upindo wa gauni lake la gomesi, akampelekea kuku wake mwekundu aliyekuwa anaatamia kwenye karai lililotoboka nyuma ya jiko. Mashindano, akasema, tuone. Juliet akacheka. Mimi pia. Norman hakuona cha kutafsiri.

Kabla ya kuondoka Juliet kanipa kadi yenye namba yake. Kwa ishara ya sikio na kidole gumba: piga. Siku ya ishirini na moja atarudi.

Ijumaa, 5 Septemba

Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane. Tena kumi na mbili, nne, nane. Naingiza mkono, nageuza trei sita, nafunga. Simu imewekewa mlio wa jogoo. Jogoo halisi wa hapa ameanza kuijibu.

Mbale mjini ni nusu saa kwa boda. Kwenda nusu, kurudi nusu, na muda unabaki. Jana nikajaribu. Nilifika mnara wa saa, nikaagiza chai, nikaanza kuona mayai yakinata. Niliiacha chai mezani.

Baba alivaa sare ya magereza miaka ishirini na sita. Alisema askari na mfungwa wanakula kifungo kimoja, ila askari anakila kwa zamu. Mimi sina zamu. Mlima wa Wanale, maporomoko na yote, naujua kwa upana wa mlango wa stoo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemulika. Tochi kwenye tundu la boksi, yai juu yake, gizani. Yai zima huonyesha mishipa kama ramani ya mito. Tupu huonyesha mwanga tu.

Ishirini na mbili tupu. Tisini na nane hai!

Nikakaa chini. Wote wakitoka ni themanini na kitu kwa mia — na themanini na kitu ni jirani wa tisini, wanaazimana chumvi. Nimempigia Norman. Akapiga kelele ya shangwe darasani kwa mtu; alikuwa amekwenda kusalimia shule yake ya zamani. Aliacha kufundisha hesabu mwezi wa pili kwa ajili ya friji hili. Mwalimu wa hesabu, na tisini yangu hakuiuliza hata mara moja.

Mama Nabifo akataka kumulika naye. Aliliona jicho la kifaranga, doa jeusi linatikisika. Hakusema mzaha wowote. Kashika yai muda mrefu, kisha: "Hawa ni ada ya muhula wa tatu ya wajukuu, Fundi. Usinilalie."

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua ya jana imeangusha mti juu ya nyaya. Umeme ulikatika saa kumi jioni, umerudi leo saa moja asubuhi. Betri yangu, ambayo kwenye fomu inakaa saa kumi na mbili, ilikaa tano.

Mama Nabifo hakuuliza. Kachemsha maji, kajaza majeriken, kayafunga na blanketi lake la kitandani, tukayasukuma ndani ya friji, tukabadilisha yakipoa. Kuni zake zote za wiki. Kipimajoto kilishuka mpaka thelathini na moja kisha kikapanda kwa shida, kama mzee na ngazi.

Asubuhi kanitazama: "Hii ndiyo haihitaji mtu? Imehitaji wawili na msitu."

Kuku mwekundu hakuamka hata kunywa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwandikia Juliet ujumbe. "Madam, mota ilikufa kabla hujaja. Betri ni saa tano. Tisini nilisoma kwenye boksi." Nimeusoma mara nne. Herufi zote ziko sawa. Sijautuma.

Nimempigia Namukose badala yake. Nikamweleza yote, hata boksi. Sauti ya chapati kwenye sufuria bapa. Kisha akaniita kwa jina la binti yetu: "Taata Gorreti, ukisema uongo nyumba haitajua. Ukisema ukweli nyumba itajua mwisho wa mwezi."

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema chapati zinaungua.

Jumanne, 16 Septemba

Ujumbe wa pili, mfupi zaidi. Sijautuma.

Mvuke umeingia chini ya stika. Kona ya juu imeanza kubanduka. Uadilifu umetangulia, wengine wanne wanafuata kwa mstari.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemulika mara ya mwisho. Sabini na nne hai. Ile baridi ya usiku wa mti imechukua ishirini na wanne. Niliwatoa, Mama Nabifo akawafukia chini ya migomba.

Sabini na nne kati ya mia na ishirini. Wakitoka wote — na hawatoki wote — ni sitini na moja kwa mia.

Leo tunafunga. Siku tatu za mwisho hakuna kugeuza, hakuna kufungua. Beseni la maji ndani, hewa iwe nzito kama ya bafuni. Wenye vitabu huita lokdauni. Nilijifunza kwenye video ya Mhindi mmoja mwenye sauti ya huruma. Ukifungua mlango wakati kifaranga anatoboa, unyevu unatoka, ule utando wa ndani unakauka na kumbana kama nailoni. Anafia mlangoni. Amefanya kazi yote, anafia mlangoni.

Nimelala saa sita mfululizo. Niliamshwa na jogoo, na alikuwa jogoo.

Jumapili, 21 Septemba

Saa tatu asubuhi yai la kwanza limetobolewa. Ufa mdogo kama nyota. Nimeita Mama Nabifo, tumesimama kwenye kidirisha cha kioo nilichokata mlangoni pa friji, kama watu wa kuangalia mpira.

Saa tisa Norman kafika, na boksi lenye matundu. Linalia.

Vifaranga sitini wa siku moja, kutoka kwa wauza vifaranga Jinja. Njano tupu, kama sare za shule. Kasema taratibu, kwa sauti ya mwalimu: Eng'inia, tunaingiza arobaini, maganda tunavunja vunja, kesho madam anakuta friji limejaa. Dakika moja tu.

Nikamwambia kuku wa mama yako mdogo ni wa madoa, hakuna hata mmoja anayetaga sare. Akasema madam ni mtu wa Kampala, kuku anamjua kwenye sahani.

Nikamwambia ya utando. Ukifungua sasa, hawa wanaotoboa watakufa. Tunaua wa kweli ili kuwapisha wa kununua. Akasema wafe kumi, tuokoe kampuni.

Nikasema hapana.

Akaniuliza, bila kupandisha sauti: "Na tisini ilitoka kinywani mwa nani?"

Nilikuwa na bisibisi. Nikachukua skrubu nne ndefu nikakaza mlango wa friji kwenye fremu yake, pembe zote nne, yeye amesimama na boksi lake linalia. Skrubu ya tatu imeingia upande. Norman akakaa juu ya gunia. Kwa muda nilidhani anacheka. Ana wadogo watatu shuleni, na kila mtu kijijini anamwita Mkurugenzi. Alisema hivyo tu, mara mbili: wananiita Mkurugenzi.

Mama Nabifo akaja, akanyanyua boksi. "Hawa watapata baridi. Watoto hawana kosa." Kawapeleka jikoni, karibu na jeriken la maji moto.

Kwa hiyo sasa nimefanya jambo jema? Nimezuia uongo wa Norman. Wangu bado uko kwenye fomu, umekaa vizuri, miguu juu ya meza.

Ujumbe wa tatu. Maneno manne: "Si tisini. Nisamehe, madam." Kidole juu ya kitufe mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Jumatatu, 22 Septemba. Saa tano kasoro, asubuhi

Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mahindi. Ndani ya friji wametoka hamsini na mmoja, madoa, weusi, kahawia, wamelowa kama waliobatizwa. Wengine wanatoboa. Sijafungua. Juliet yuko uani. Nimemwambia nakuja kuangalia unyevu.

Ilikuwa hivi. Gari limefika saa nne. Norman kalikimbilia, kaanza Kiingereza kabla mlango haujafunguka: safari, hali ya hewa, mteja wetu. Wale wa njano jikoni wakaanza kelele. Kila wakizidi, naye akaongeza sauti, mpaka akawa kama mhubiri wa sokoni.

Juliet akampita. Moja kwa moja kwa Mama Nabifo, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwa Kiswahili — Kiswahili kilichonyooka, cha ng'ambo ya mpaka — akasema: "Habari ya siku nyingi, mama? Mota yako hajambo?"

"Hajambo," akasema Mama Nabifo, "lakini amekonda."

Nilimwona Norman akirudi nyuma siku ishirini na moja, sentensi moja moja, akitafuta pa kujishika.

Alisoma Eldoret, Juliet akasema, miaka sita. Hakusema kwa kujivuna. Kisha akanigeukia. "Fundi, nilisikia siku ile ile. Nilikupa namba. Nimengoja simu yako wiki tatu."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, ningejua pa kusimama. Zile jumbe tatu zilikuwa mfukoni mwangu, kwenye simu, hazijavaa hata tarehe. Sikuzitoa.

Hapo ndipo kuku mwekundu akatokea nyuma ya jiko na jeshi lake la vifaranga. Norman akaruka: Madam, tazama, hawa ndio wa kwanza, hawa ni sehemu ya —

"Norman," akasema Mama Nabifo. "Mtoto wa dada yangu. Nyamaza."

Kwa hiyo na hilo nalo limetoka.

Juliet akakitazama kidaftari, akaandika, akafunga. Akaniuliza polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka ngazi: "Sasa niambie wewe mwenyewe. Kwa mia, ni wangapi?"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni: nikaangalie unyevu.

Unyevu uko sawa. Namba ya mashine naijua tangu Ijumaa. Ni fupi, haina hata silabi ngumu. Hatua kutoka hapa mpaka alipo ni kumi na mbili, nimezihesabu kwa wiki tatu nikienda chooni. Bisibisi iko mfukoni, na skrubu ya tatu bado imekaa upande. Norman ameegemea gari la Juliet, ameshika funguo alizompokea.

Kwa upana wa mlango namwona Juliet amechuchumaa, anahesabu vifaranga wa kuku mwekundu kwa kidole, Mama Nabifo anamsahihisha. Mama Nabifo anaita: "Fundi! Umelala?"

Nimehesabu nami, mara mbili. Kuku mwekundu: mayai kumi na matano, vifaranga kumi na wanne.

Tisini na tatu kwa mia.